Lita Tano za Giza

Usiku wa kuamkia Alhamisi, wiki tatu zimepita sasa, niliota nimeshaondoka.

Sikuota najiandaa wala naaga. Nilijikuta njiani tu, Mtaa wa Korongoni nimeupa kisogo, mfuko wangu wa turubai begani, viatu mkononi, natembea kando ya reli kama nilivyotembea maisha yangu yote kila mambo yalipoharibika mahali. Jua lilikuwa la saa nne asubuhi. Nilijisikia vizuri kabisa.

Kitu kimoja tu kilinikera: mfuko ulikuwa mzito. Mimi sina vitu vizito. Nina mashati mawili, suruali, blanketi na kikombe cha bati. Nikauweka chini nikaufungua. Nguo hazimo. Ndani mna dumu la manjano la lita tano, lile ninalochotea maji ya Mama Sayi, na limejaa giza.

Nilijua papo hapo kuwa ni giza la mtaa wetu. Mtu aliyeishi na giza moja miaka minne hawezi kulichanganya na jingine. Lilinuka mtaro, likanuka na mafuta ya vitumbua.

"Funga kifuniko," sauti ikasema nyuma yangu. "Utalimwaga."

Nikageuka. Ilikuwa nguzo ya taa ya pale kona. Inakuja inarukaruka kwa mguu mmoja, maana ndio ilio nao, na taa yake mbovu inaning'inia juu kama kofia iliyovaliwa kwa haraka.

"Shikamoo, Mzee Kaliua," ikasema.

"Marahaba. Na wewe unakwenda wapi?"

"Nakufuata. Umeondoka na nambari yangu."

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana hili halikuwa la ndotoni.

Mtaa wetu una nguzo moja ya taa, ya chuma, pale mtaro usio na mfuniko unapokatiza njia. Taa yake ilikufa zamani. Mwaka juzi tukaambiwa mgeni mkubwa atapita. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mahundi, akanipa ndoo na brashi, akaniambia, "Mzee Kaliua, paka chokaa kila kilichosimama." Wananiita Kaliua kwa kuwa ndiko nilikopandia treni iliyonileta, kwetu siko, ila nimechoka kuwasahihisha. Basi nikapaka mawe. Nikapaka miti hadi kiunoni. Nikapaka nguzo. Mbuzi wa jirani yetu Shitindi alikuwa amesimama, nikampaka miguu. Na chokaa yangu si ya mchezo: naitia chumvi na gundi, kama nilivyofundishwa na mafundi wa misheni moja nilikokaa miezi mitano. Mvua haiitoi. Mgeni hakupita.

Kwenye ile nguzo, usawa wa kifua, palikuwa na nambari kwa rangi nyeusi. Niliiona. Nikapitisha brashi juu yake.

Tangu hapo mtaa umeomba taa jijini mara tatu, na mara tatu umejibiwa: leteni nambari ya nguzo. Bwana Mahundi anaizunguka nguzo, anaichungulia, anarudi kuwaambia watu haina. Jiji linasema nguzo isiyo na nambari haipo. Mtaa mzima umeshaamini kwamba haikuwahi kuwa nayo. Mimi peke yangu nilijua, na nilinyamaza. Mwanzoni ilikuwa aibu ndogo. Halafu Mama Sayi akatoka saa kumi na moja alfajiri na beseni lake la vitumbua kichwani, akaingia mtaroni, akavunjika mguu, na aibu ikawa kubwa.

Mama Sayi ndiye mwenye nyumba ninayolala. Hanitozi kodi; namchotea maji. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Jumatatu anakwenda hospitali kufunguliwa hogo lake, lile gamba jeupe walilomfunga mguuni, na Jumanne anarudi stendi kuuza vitumbua, taa iwepo isiwepo. Njia ni ile ile. Mtaro ni ule ule.

Ndiyo maana ndotoni nilikuwa nimeondoka. Na tuseme ukweli wote: hata mfuko wangu wa kweli ulikuwa umefungwa, uko chini ya kitanda.

Basi nguzo imesimama mbele yangu.

"Nikiulizwa mimi ni nani, sina jibu," inasema. "Hata kunguru hawatui tena kwangu. Twende jijini."

"Mimi nakwenda Manyoni."

"Kwa njia hii?"

Natazama chini. Reli imekuwa korido. Sakafu imepigwa deki sasa hivi, na mimi viatu nimevishika mkononi, jambo ambalo naliona ni la adabu. Pembeni kuna meza, na juu ya meza daftari la wageni. Linajifungua lenyewe.

"Jina," daftari linasema.

"Kaliua."

"Utokako."

"Nianzie wapi? Nimetoka sehemu nyingi."

"Nafasi ni sentimita nne."

"Basi andika Korongoni."

Likaandika. "Uendako?"

Nikafikiri. Nguzo ikanitazama. "Acha wazi kwanza," nikasema.

"Nitaacha wazi. Ila haufungwi ukurasa wenye nafasi wazi. Shughuli ni ya kikazi au binafsi?"

"Ya kikazi," nguzo ikasema, ikainama ipite mlangoni.

Ndani ya chumba kuna meza, faili, na kiti. Kwenye kiti limetundikwa koti la kijivu. Hakuna mtu.

"Karibuni," koti likasema. "Bwana ametoka kidogo."

"Atarudi saa ngapi?"

"Ametoka kidogo tangu nilipokuwa mpya. Mimi ndiye kaimu. Ketini."

Niliketi. Nguzo haiketi. Koti likanyoosha mkono mmoja mtupu, likavuta faili.

"Mnaomba taa mpya, au kuboreshewa iliyopo?"

"Kuboreshewa iliyopo."

"Inawaka vibaya?"

"Haiwaki kabisa."

"Basi haina ubaya wa kurekebisha. Tunaboresha ile inayowaka vibaya."

"Basi tupeni mpya."

"Mpya wanapewa wasio na taa. Ninyi mna mwezi."

"Mwezi?"

Koti likafungua ukurasa. "Mtaa wa Korongoni. Mwezi mmoja, wa muda. Unahudumia siku kumi na nne, unapumzika siku kumi na nne. Hatujapata lalamiko."

"Masika hauonekani kabisa huo."

"Hayo ni ya idara ya mawingu."

Niliona kuna mantiki. Katika ofisi nyingi nilizopita duniani nimejibiwa vibaya zaidi ya hivyo.

"Hata hivyo," koti likaendelea, "mkikamilisha viambatanisho naweza kuwahesabu kama watu wasio na mwezi. Barua ya mtaa?"

Nguzo ikafungua kile kidirisha chake cha nyaya, pale chini mguuni, ikatoa barua. Ilikuwa na muhuri wa Bwana Mahundi, umegongwa juu chini. Koti likaipokea.

"Mtu aliyeanguka, nakala tatu."

"Aliyeanguka ni mmoja," nikasema.

"Ndiyo. Nakala tatu."

Mlango ukafunguka, wakaingia akina Mama Sayi watatu. Wote na magongo, wote na hogo mguu wa kushoto, wote wamejifunga kitenge kile kile cha samaki. Kila mmoja amegongwa muhuri wa wakili kwenye paji la uso. Wakaketi kwenye benchi kwa mpangilio.

"Mzee Kaliua," akasema wa kwanza, "maji ya asubuhi hujachota, halafu nakukuta kwenye maofisi ya watu umekaa kama bwana shauri!"

"Mwache mzee wa watu," akasema wa pili, anacheka. "Huoni kashika viatu mkononi? Kaja kuposa huyu. Anaposa koti."

Wa tatu alikaa ananitazama. Hogo lake lilikuwa na doa la mafuta ya kukaangia. Nikajua huyo ndiye halisi, na huyo ndiye niliyemwogopa.

"Giza la mtaa husika, lita tano," koti likasoma.

Nikaweka dumu mezani. Koti likaliinamia kwa muda mrefu.

"Limejaa," likasema.

"Mpaka shingoni."

"Watu huwa hawalileti. Huandika tu kwamba lipo."

"Si mngekuja wenyewe mlione?"

"Mzee wangu, ofisi hii inafungwa saa tisa na nusu. Giza sisi tunalisoma kwenye barua." Likapapasa kifuniko kwa ncha ya mkono. "Naruhusiwa kufungua?"

"Ni lenu sasa."

Likafungua.

Giza letu halitoki kama moshi. Linatoka kama maji, linaanzia sakafuni. Lilifika kwenye vifundo vya miguu, likafika kwenye meza, likapita madirisha, na yale mafaili yakaacha kuonekana moja baada ya jingine. Saa nne asubuhi ikazama kabisa. Harufu ya mtaro ikaja. Halafu ukaja mtaro wenyewe. Sikuwa nimeutia dumuni, lakini nadhani huwezi kuchota giza la pale ukauacha.

"Sioni kiti changu," koti likasema.

"Usisogee," nikaliambia.

"Sisogei, nataka tu muhuri, upo hapa karibu na..."

Tukasikia kitu laini kikianguka, na maji machafu yakaitikia.

"Nimeanguka," koti likasema kutoka chini.

"Basi tuko wanne sasa," akasema yule Mama Sayi wa pili.

"Ni kina kirefu," koti likasema. Sauti yake ilikuwa ya ofisi bado, lakini imelowa. "Barua zote tatu zilisema ni kirefu. Nilidhani ni lugha tu ya kuombea."

"Umevunjika?" akauliza wa kwanza.

"Mimi sina mfupa. Ninyi mnapita hapa kila siku?"

"Kila alfajiri. Na beseni kichwani."

Koti likasema, "Nimeelewa. Nitagonga muhuri humu humu chini. Kimebaki kiambatanisho kimoja. Nambari ya nguzo."

"Haina nambari," akasema wa kwanza. "Mtaa mzima unajua. Mwenyekiti kaizunguka mpaka kapata kizunguzungu."

"Nguzo, una nambari?" koti likauliza.

Nilisikia tu nyaya zake zikilia ndani kwa ndani, kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Sasa nasimama. Hakuna anayeniona. Nyuma yangu, mlango ulipokuwa, nasikia treni inapiga honi, na chini ya nyayo zangu sakafu imeanza tena kuwa kokoto za reli. Mfuko uko begani, mwepesi sana. Nikipiga hatua kumi nitakuwa behewani. Nimewahi kuondoka mahali pa namna hii kwa makosa madogo kuliko hili, na hakuna aliyekuja kunitafuta.

Napiga hatua mbili.

"Mzee Kaliua." Ni yule wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno. "Uko wapi? Lete mkono wako nikushike. Kuna mtaro hapo, usije ukaumia na wewe."

Hilo ndilo lililonishinda. Angenitukana ningefika Manyoni.

"Ina nambari," nikasema. "Ilikuwa nayo. Niliipaka chokaa mimi. Niliiona na bado nikaipaka, halafu nikanyamaza hadi ukavunjika mguu."

Giza likatulia. Hata treni ikaacha kupiga honi.

"Wewe mzee wewe!" akasema wa kwanza.

"Ni chokaa ile ile ya mbuzi wa Shitindi?" akauliza wa pili.

"Ile ile."

"Basi hiyo haitoki. Yule mbuzi kanyeshewa mara mia na bado anaonekana kavaa soksi."

Nilisikia gongo la yule wa tatu likigusa sakafu, mara moja.

"Ikwangue," akasema.

Nikapapasa mpaka nikaifikia nguzo. Sikuwa na kisu wala kijiko. Nikaanza kwa kucha. Chokaa yangu ni ngumu. Kwa mara ya kwanza nilijuta kwamba mafundi wale walinifundisha vizuri. Ilitoka vipande vidogo vidogo, ikaniingia kuchani, ikaniuma.

"Taratibu," nguzo ikasema. "Unanitekenya."

Ile rangi nyeusi ilikuwa nene. Niliisoma kwa kidole. Nilisoma darasa la pili sehemu moja, la tatu sehemu nyingine, la nne sikumaliza, lakini tarakimu nilizipata zote.

"Sufuri," nikasema. Juu yangu kitu kikafanya tik.

"Nne." Tik.

"Moja."

"Endelea," koti likasema kutoka mtaroni. "Naandika."

"Saba."

"Sufuri nne moja saba," nguzo ikasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu chake cha zamani. "Ndiyo. Ndiye mimi."

Ikawaka.

Ilikuwa nyeupe, ikatua juu ya kila mtu. Nikaliona koti mtaroni limeinua mkono wenye muhuri. Nikawaona akina Mama Sayi, na walikuwa mmoja. Daftari la wageni lilikuwa limesimama mlangoni. "Uendako?" likauliza.

Nikafungua mdomo kujibu, nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nimelala chali kwenye chumba changu cha uani, mfuko uko chini ya kitanda, umefungwa. Nikasema moyoni, ndoto tu hiyo, mzee, ulikula viporo. Nikainua mkono nijikune shavu.

Kucha zote tano za mkono wa kulia zilikuwa nyeupe. Nikaitoa chembe moja, nikaiweka ulimini. Ilikuwa na chumvi.

Nilitoka bila viatu. Pale kona, usawa wa kifua, nguzo ilikuwa imekwanguliwa mahali penye ukubwa wa kiganja. 0417. Unga wa chokaa ulikuwa chini, bado haujapeperushwa.

Mama Sayi alikuwa ukumbini, mguu juu ya kigoda, anachambua mchele. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, isipokuwa ile habari ya nakala tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapepeta ungo mara mbili.

"Maji umechota?" akauliza.

"Bado."

"Kachote. Halafu uende jijini na hiyo nambari yako."

Nikachota. Nikaenda. Korido ilikuwa imepigwa deki. Kwenye daftari la wageni nilijaza mistari yote. Chumbani hapakuwa na mtu. Kwenye kiti palikuwa na koti la kijivu, na bega lake moja lilikuwa na tope lililokauka. Niliiacha fomu mezani mbele yake. Nililisalimia, halikuitikia.

Mambo yaliishia hivi.

Jumatatu Mama Sayi alifunguliwa hogo. Jumanne, Jumatano na Alhamisi alfajiri nilimtangulia na kurunzi hadi stendi, na alinisema njia nzima. Ijumaa walikuja mafundi wawili wenye ngazi, wakamwambia Bwana Mahundi wametumwa kwenye 0417. Sasa inawaka kila siku kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni.

Bwana Mahundi aliitisha mkutano kushukuru jiji. Mimi nilisimama nikasema ni nani aliyeficha nambari. Walinizomea, kisha wakacheka, kisha wakanipangia adhabu: nitengeneze mfuniko wa mtaro, wa mbao, kwa mikono yangu. Nimekwisha kuutengeneza. Hauyumbi.

Mbuzi aliuzwa sikukuu, pamoja na miguu yake myeupe. Mnunuzi aliongeza kidogo, akidhani ni mbegu ya kigeni. Shitindi sasa ananisalimia vizuri.

Koti lipo kitini. Mwenyewe ametoka kidogo.

Mama Sayi anachechemea kidogo kukiwa na baridi. Anauza kama zamani.

Mfuko wangu wa turubai ameutundika jikoni, kwenye msumari. Ameweka vitunguu.